Rupia Iliyosuguliwa kwa Ndimu

Mzee Maliki alipofika kwenye maelezo ya kofia, Inspekta Télesphore aliacha kuandika.

"Kofia gani?" aliuliza, ingawa alijua vizuri ni kofia gani.

"Ya ule mufalme wa Wadachi. Iko na tai juu, amefungua mabawa. Upande mwingine kuko simba, nyuma yake mutende. Ni rupia mbili katika kipande kimoja, Papa Inspekta, kitu kizito. Babu yangu aliitoa Ujiji wakati Wadachi wangali kule."

"Alama yoyote?"

"Karibu na mukia wa simba kuko alama ya kisu. Babu aliikata kidogo aone kama ndani ni feza ya kweli."

Inspekta aliinamisha kichwa akaandika: alama ya kisu karibu na mkia. Hakuhitaji kuambiwa. Asubuhi ile ile, kabla ya kuja kazini, alikuwa amepitisha ukucha juu ya alama hiyo, amekaa kitandani kwake mtaani Lubuye, mlango umefungwa, akitabasamu peke yake kama mtoto aliyeficha sukari. Rupia ya Mzee Maliki ilikuwa nyumbani kwake, ndani ya kopo la maziwa ya unga, imeviringishwa kwenye soksi. Aliinunua mnadani, Jumapili, siku nane zilizopita.

Hapo ndipo alipotakiwa kuweka kalamu chini na kusema: Papa, kitu chako kiko kwangu. Ni maneno machache, hata mwenye kigugumizi angeyamaliza. Lakini ofisa wa polisi aliyekutwa na mali ya wizi ana mengi ya kueleza, na zaidi ya hayo, tuseme ukweli, hakutaka kuachana nayo. Miaka yote aliyokusanya sarafu hakuwahi kushika ya namna ile. Akafungua ukurasa mpya.

"Endelea, Papa."

Mzee Maliki aliendelea. Alikuwa mtu mrefu wa mtaa wa Kataki, kanzu yake imefuliwa mpaka imekuwa nyembamba. Kabla ya vita alikuwa na mtumbwi wa mashine uliokwenda Kigoma na kurudi. Jeshi lililoshika mji liliuchukua, likampa karatasi yenye mhuri. Katika ukoo wao, mtoto akizaliwa, rupia ile huwekwa ndani ya beseni, na maji ya kwanza ya nyumbani humwagiwa mtoto kutoka humo. Mkwewe Chadia, ambaye mumewe alikuwa amekwama Kigoma, alijifungua kwa kupasuliwa. Jumamosi mzee alifungua sanduku lake la bati ili aitayarishe rupia, na hakuiona.

"Mwizi tuko naye," alisema. "Ule Florent wa Nyunzu, mukimbizi. Alikuwa juu ya nyumba yangu anagongomea mabati. Hakuna mugeni mwingine aliyeingia. Majirani walimukamata wakamupa askari, askari wakamutia kasho yako. Miye nataka tu aseme aliiweka wapi. Mutoto hajaogeshwa. Jina hajapata."

"Rangi ya rupia?" Inspekta aliuliza. Lilikuwa swali la kufunga tu maelezo.

"Nyeusi. Nyeusi kama chini ya sufuria. Haijasuguliwa toka babu."

Kalamu ilisimama mara ya pili. Rupia iliyokuwa ndani ya soksi ilikuwa nyeupe ya kung'aa.

Mzee alipoondoka, Inspekta alisoma tena kikaratasi cha komanda wa jeshi lile kilichopigiliwa ukutani. Wezi wote waliokuwa kasho, mahabusu ya kituo, wangepakiwa chomboni Alhamisi kwenda Moba, na kutoka Moba wangebebeshwa risasi kupanda milima mpaka upande wa Pepa, kulikokuwa na mapigano. Juma lililotangulia walipelekwa wengine, na mpaka siku ile hakuna mama aliyekuwa amesikia habari za mwanawe. Ilikuwa Jumatatu. Inspekta alijipangia hivi: amtafute aliyeisugua kabla ya Alhamisi, amkamate, kisha aseme kwamba rupia ameikuta kwake. Florent atoke, mzee apate chake, na mtu asiulize rupia ililala wapi juma zima. Ulikuwa mpango mzuri kwa kila mtu, hasa kwake.

*

Mnada wa Papa Idriss ulikuwa mnada wa kimya. Ulifanyika nyuma ya duka lake lililofungwa, mchana wa Jumapili, na hakuna aliyetaja bei kwa mdomo. Katika mji uliojaa bunduki, mtu akisikika ametaja bei nzuri kwa ajili ya kipande cha chuma kuukuu, giza likiingia atapata wageni. Kwa hiyo Papa Idriss alizunguka na taulo mkononi. Alimfikia kila mmoja, mikono miwili ikakutana chini ya taulo, na mnunuzi akamfinya vidole kadiri ya bei yake. Baadaye kila mtu aliingia dukani peke yake. Mmoja alitoka na kitu mfukoni, wengine walitoka hivi hivi, na nyuso zao zote zilikuwa zimefungwa sawasawa.

Wakusanyaji hawakuwa wengi: mstaafu mmoja wa reli aliyependa franka za zamani zenye tembo, mfanyabiashara wa dagaa wanaoitwa ndakala, mwalimu, na Inspekta. Yeye ndiye aliyeaminiwa kwa ujuzi. Jumapili ile Papa Idriss alipotoa rupia yenye mfalme wa Wadachi, wote walimwachia Inspekta aitazame kwanza. Aliigeuza juani.

"Imesuguliwa," alisema kwa sauti, akakunja uso. "Tazameni mikwaruzo. Ilikuwa na weusi wake wa miaka, wameutoa wote. Aliyefanya hivi ameiua."

Ilikuwa kweli. Kila mkusanyaji anajua sarafu kuukuu haisuguliwi. Ila hakuongeza kwamba hata ikiwa imesuguliwa, ile ilikuwa na thamani kuliko vyote vilivyowahi kupita mnadani pale. Wengine wakalegea. Taulo lilipomfikia, alifinya vidole vichache, na rupia ikawa yake kwa bei ya kuonea. Alikuwa amesema kweli ili adanganye, na jioni ile alijisifu kwa hilo.

Sasa mikwaruzo ile ndiyo ilikuwa njia pekee ya kufuata.

*

Jumanne asubuhi alimtoa Florent kasho akamketisha biro, chumba chake cha kazi. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, vidole vyake vimeshika lami ya kuzibia mabati, jicho moja limevimba. Inspekta alimpa kikombe cha maji, akamwacha amalize. Kisha akaweka sarafu mbili mezani: rupia ndogo ya Kihindi, fedha tupu, nyeusi tititi, na sarafu ya zaire, ya juzi tu, kubwa, inayong'aa, ambayo sokoni haikununua hata njugu.

"Ungeokota hizi njiani, ungechukua ipi?"

Florent alizitazama, akamtazama Inspekta, akahofia mtego.

"Hii," alisema, akagusa zaire.

"Na hii nyingine?"

"Hii imeoza, Papa. Labda fundi aiweke chini ya musumari."

"Uliingia chumba cha Mzee Maliki?"

"Nilikuwa juu. Chumba nilikiona kwa tundu. Kitanda, sanduku, musala."

"Ulifika kwa Papa Idriss wiki mbili zilizopita. Muntu alikuona unatoka uani, kwenye lupango lake."

"Nilifika. Mama Fatouma, muke wa Mzee, alinituma niombe ngazi, ya kwao imevunjika. Papa Idriss alinipa ngazi. Muulize, mpaka sasa ngazi yake iko kwa Mzee Maliki."

Inspekta aliandika neno ngazi, akalipigia mstari. Habari za kuonekana kwake kwa Idriss zilikuwa zimempa matumaini kwamba mwizi ni yeye kweli, kwa sababu zilimwonyesha Florent akipeleka rupia mnadani kwa mikono yake. Sasa ilikuwa ngazi tu. Na mtu anayedhani fedha nyeusi imeoza hawezi kuiba rupia nyeusi akaziacha nguo nzima zilizokuwa sandukuni.

"Papa Inspekta," Florent alisema, "wanasema Alhamisi. Ni kweli?"

"Natafuta."

"Mimi naona wewe si muntu wa kupiga. Ukitafuta utaona."

Inspekta alimrudisha mwenyewe, akafunga kufuli, na alipokuwa akipita uani hakuweza kuwatazama askari wake wawili waliokuwa wakicheza karata. Alijua jambo ambalo Florent angekubali kukatwa mkono ili alijue, akajibu natafuta.

*

Papa Idriss alikuwa amekaa nyuma ya duka akitengeneza redio. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini, na alipomwona Inspekta siku isiyo Jumapili alielewa upesi.

"Nani alikuletea rupia ya tai?" Inspekta aliuliza.

"Munada wangu unaishi kwa kitu kimoja, Papa Inspekta. Muuzaji hatajwi."

"Kuko muntu kasho. Alhamisi wanamupeleka Moba."

"Nimesikia. Na mununuzi naye hatajwi." Papa Idriss aliinua macho kutoka kwenye redio, akayarudisha. "Ungetaka nianze kutaja?"

Inspekta alivuta kigoda akakaa bila kukaribishwa.

"Sikuulizi jina," alisema baadaye. "Niambie tu alivyoileta."

Papa Idriss alifikiri. "Iliviringishwa kwenye kitambaa kilichopigwa pasi. Kitambaa kilikuwa safi kuliko shuka yangu. Na aliniomba jambo moja: niwaambie wanunuzi kwamba kimesuguliwa vizuri, wapandishe kidogo. Nilimuitikia tu. Ningesema nini? Ningemuambia muntu wa shida kwamba kazi yake yote imeharibu bei?"

"Alikuwa na haraka?"

"Alikuwa na haya. Alitazama ukuta wakati wote."

"Na franga alichukua?"

"Alichukua zile ulizotoa weye. Alizitazama, akauliza kama njo zote, hakuna zaidi. Nikamuambia njo zote."

Kulikuwa na redio, na bisibisi, na inzi mmoja aliyezunguka juu ya kikombe. Inspekta alitamani mtu mwingine aingie dukani. Hakuingia mtu.

Njiani kurudi alilipanga jambo kama alivyozoea kulipanga. Mwizi huficha alichoiba, hutafuta wa kumpa upesi. Hakai chini na majivu akisugua. Mkusanyaji hasugui kwa sababu anajua. Fundi wa fedha hasugui kwa sababu atayeyusha. Nani basi husugua kitu cha kuuza, akakifunga kwenye kitambaa kilichopigwa pasi? Ni mtu anayeona kwamba kitu kikitoka kwake kichafu, watu wataisema nyumba yake. Na mtu wa namna hiyo huuza cha kwake mwenyewe.

*

Jumatano alifika kwa Mzee Maliki mapema. Sebule ilikuwa imebaki tupu; palipokuwa na makochi palikuwa na mikeka. Lakini birika la kahawa juu ya kabati liling'aa mpaka mtu angeweza kujitazama ndani yake, na sinia chini yake vivyo hivyo. Ngazi ya Papa Idriss ilikuwa imeegemea ukuta wa nje.

Chadia alikuwa amelala upande mmoja kwenye mkeka, anajikaza kwa sababu ya mshono, mtoto kifuani.

"Bado tunamupangusa na kitambaa tu," Mzee Maliki alisema. "Nimekataa wasimuogeshe mpaka ipatikane."

"Hospitali ni shida siku hizi," Inspekta alisema polepole. "Mazuti ya jenereta, uzi, dawa, vyote muntu anajinunulia. Ulifanya namna gani, Papa?"

Uso wa mzee ulichangamka kwa mara ya kwanza. "Dokta hakuchukua kitu. Alimuambia muke wangu: Mzee Maliki alikuwa anatuletea makasha ya dawa toka Kigoma bule, miaka ile, leo ni zamu yetu. Watu wangali wanaheshimu, Papa Inspekta. Wamechukua mutumbwi, heshima hawakuchukua."

"Ni kweli," Inspekta alisema, akaomba maji ya kunywa.

Maji yalikuwa jikoni, nyuma. Mama Fatouma alikuwa huko anachagua mchanga kwenye unga wa bukari, ugali wao, mwanamke mwembamba mwenye ushungi wa kijani. Alimpa kikombe kwa mikono miwili. Inspekta alikunywa, akarudisha kikombe, akauliza kwa sauti ya mtu anayesifia mapishi:

"Mama, ile rupia uliisugua na nini mpaka ikawa nyeupe vile?"

"Na ndimu," Mama Fatouma alisema, "na majivu ya maganda ya ndizi, laini…"

Alisikia alichokisema. Aliweka ungo chini, akakaa kando yake, na hakulia. Alijifunika tu nusu ya uso kwa ushungi.

"Ningeitoa namna gani ikiwa chafu?" alisema. "Kitu cha nyumba hii. Wangesema kwa Mzee Maliki sasa wanaishi kama nguruwe."

"Uliiuza kwa ajili ya dokta."

"Dokta alisema mutoto hatapita, lazima kupasua, mulete mazuti na dawa. Maliki angeuza nini? Kanzu? Ningemuambia hatuna, angekwenda kuomba kwa watu waliokuwa wanamuomba yeye. Nikasema rupia ni ya mutoto, basi imutoe mutoto. Franga zenyewe hazikutosha. Niliongeza bangili zangu."

Inspekta alitazama mikono ya mama. Haikuwa na kitu. Alikumbuka vidole vyake vichache chini ya taulo, akakohoa ili apate la kufanya.

"Na Florent?"

"Jumamosi nilikuwa hospitali. Nimerudi Jumapili, wameisha mupeleka. Nikasema nitaongea usiku. Usiku nikasema asubuhi. Kila siku mudomo unakuwa muzito zaidi. Yule mutoto wa watu alikula mezani kwangu." Alishusha ushungi. "Nitamuambia Maliki sasa hivi. Ngoja niite."

"Usimuite," Inspekta alisema.

Mama Fatouma alimtazama.

"Usiseme kitu, Mama. Rupia itapatikana. Kuko njia."

"Unajua nani aliinunua? Niambie nimuendee. Nitamupigia magoti."

"Muntu fulani," Inspekta alisema. "Niachie mimi."

Mama Fatouma alimshika mkono akambariki, akawabariki na watoto wake. Inspekta alipita sebuleni haraka bila kumuaga mzee ipasavyo.

*

Mchana alirudi, rupia ndani ya mfuko wa suruali. Alimwambia Mzee Maliki kwamba uchunguzi mzuri huanza pale kitu kilipopotea, akaomba kuona sanduku. Alipiga magoti, akapapasa nyuma yake, akapitisha mkono chini, akatoa vumbi, kandambili moja ya zamani, na mwisho kitu kilichoviringishwa kwenye utando wa buibui alioukusanya mwenyewe.

"Papa," alisema, "ilianguka nyuma tu."

Mzee Maliki aliipokea. Aliisogeza dirishani. Aliitazama upande wa tai, upande wa simba, akapitisha ukucha kwenye alama ya kisu. Kisha akaishusha.

"Hii si yangu."

"Alama iko, Papa."

"Alama iko. Lakini yangu ni nyeusi." Aliinamisha kichwa kutazama chini ya sanduku, akainuka taratibu. "Nani aliiosha huku chini? Panya?"

Inspekta alifungua mdomo. Katika mipango yake yote hakukumbuka hili, yeye mjuzi wa sarafu: weusi ukishatoka haurudi. Angeweza kurudisha rupia, asingeweza kurudisha masizi ya miaka mia.

"Labda…" alianza.

"Njo yenyewe," Mama Fatouma alisema mlangoni. Alikuwa amembeba mjukuu. "Miye niliisugua, Maliki. Niliiuza munadani. Mazuti ya kumupasulia Chadia ilitoka pale. Florent hajui kitu."

Mzee Maliki alikaa juu ya sanduku. Aliigeuza rupia mkononi, akasema kwa sauti ndogo.

"Dokta hakuniheshimu, basi."

"Alikuulizia hali," Mama Fatouma alisema. "Alikutaja kwa uzuri."

"Lakini alichukua franga."

"Alichukua."

Mzee alitikisa kichwa mara kadhaa. Kisha akamgeukia Inspekta, ambaye alikuwa angali amepiga magoti, vumbi mikononi.

"Weye uliitoa wapi?"

Hapo Inspekta angeweza bado kusema aliipata kwa mtu fulani. Lakini mama yule alikuwa amesema yake yote, wima, mtoto mkononi.

"Niliinunua miye," alisema. "Munadani."

"Lini?"

"Jumapili ya wiki ile."

Mzee Maliki alihesabu siku kwa vidole. "Miye nilikuja biro Jumatatu hii."

"Ndiyo, Papa."

"Nikakuambia tai, nikakuambia simba. Nikakuambia alama ya kisu. Weye ukaandika."

"Niliandika."

"Na kijana amefungwa nyuma ya ukuta wako."

Mama Fatouma alimtazama Inspekta, na ule mkono aliombariki nao asubuhi aliurudisha nyuma ya mgongo kama mtu aliyemwona nyoka. Mzee Maliki alivaa kofia yake, akatia rupia mfukoni bila kuitazama tena.

"Tukamutoe," alisema.

*

Kasho ilikuwa wazi. Mmoja wa askari wa karata alieleza kwamba komanda ametuma watu: ziwa limetulia, chombo kinaondoka leo, hakingoji Alhamisi. Walikwenda bandarini kwa miguu ya haraka, mzee wa umri ule akiwa mbele, na watu wa barabarani wakisimama kuwatazama.

Chombo kilichokuwa kinapakiwa kilikuwa mtumbwi wa mashine wa Mzee Maliki mwenyewe, umepakwa rangi ya majani. Hakuutazama. Ndani yake, kati ya makasha, waliketi wanaume kama kumi waliofungwa kamba moja kiunoni. Florent alikuwa wa pili kutoka mwisho.

Komanda alikuwa kijana mwenye miwani ya jua. Alisikiliza, akaomba karatasi ya kesi, akaisoma.

"Hapa umeandika wizi," alimwambia Inspekta. "Sahihi ni yako. Sasa unasema hakuna wizi. Rupia iliuzwa na nani?"

Inspekta alivuta pumzi. Alikuwa karibu kutaja jina la mama.

"Na miye," Mzee Maliki alisema. "Niliuza, nikasahau. Ni uzee."

Askari walicheka. Mmoja alimwuliza mzee kama anakumbuka njia ya kwao, na wabeba magunia nao wakacheka, watu waliokuwa wakimpisha zamani akipita pale. Mzee Maliki alisimama wima katikati ya kicheko kile, na hakumtazama Inspekta wala hakumsaidia.

"Na aliyenunua?" komanda aliuliza.

"Miye," Inspekta alisema. "Nilikuwa nayo nyumbani wakati naandika hiyo karatasi."

"Sema kwa nguvu, watu wasikie."

Alisema kwa nguvu. Komanda alirudia maneno yale kwa lugha ya askari wake, na safari hii walicheka mpaka mmoja akaketi juu ya kasha. Inspekta wa wezi, waliita. Alitamani kuinamisha kichwa, akaona kwamba hata kuinamisha kichwa kungekuwa kujificha, akabaki hivyo, jasho likimtiririka ndani ya shati. Komanda alifurahi. Alichana karatasi vipande viwili, akaamuru Florent afunguliwe.

Florent alipanda gatini akisugua kiuno. Mzee Maliki alimshika kwa mikono yote miwili, akamwambia maneno ya chini ambayo Inspekta hakuyasikia, na Florent akaitikia ndiyo, Papa, ndiyo. Alipopita mbele ya Inspekta alisimama kidogo. Inspekta alingoja atukanwe, angefurahi kutukanwa. Florent alifuatana na mzee.

Mashine ya mtumbwi iliwaka, ikakohoa, ikashika. Inspekta aligeuka aende zake.

"Papa Inspekta."

Sauti ilitoka ndani ya mtumbwi. Mtu aliyekuwa amekaa jirani na pengo la Florent, mwanaume wa makamo mwenye shati la njano, alikuwa ameinua shingo.

"Na yangu?" aliuliza kwa utulivu, kama mtu aliye kwenye foleni. "Miye pia uliniandika weye."

Inspekta alimtazama vizuri. Uso aliujua. Kesi yake hakuikumbuka hata kidogo.